Uso wa mandolini yangu unabonyea, nifanyeje?

KijanaChumbageni: Wakuu, salaam. Naombeni ushauri kabla mambo hayajaharibika zaidi. Huu mwezi wa saba tangu nianze kutengeneza mandolini kwa mkono, kile chombo kidogo cha muziki cha nyuzi, aina ya Naples, Italia, yenye mgongo wa duara. Mbavu 15 za mninga nimezikunja moja moja kwenye bomba la moto na kuziunga kwa gundi ya ngozi. Juzi nimefunga nyuzi. Zilipofika tu kwenye sauti yake, uso, yaani ubao wa juu, ukaanza kubonyea chini ya daraja, kile kijiti kinachobeba nyuzi. Leo umezama kama milimita 3. Nilegeze, au utatulia wenyewe? Naihitaji kabla ya Idi.

FundiRanda: Legeza kwanza, ndiyo uendelee kusoma. Nyuzi nane za chuma zikikazwa zinavuta zaidi ya kilo 60. Uso ni mti gani, unene gani?

MamaNassir: Miezi saba si kitu mwanangu. Marehemu mume wangu alianza kuchonga ngalawa mwaka tuliooana. Ilikaa uani mpaka kuku wakawa wanatagia humo. Ila alipoishusha majini, alilia.

KijanaChumbageni: Nimelegeza. Ni ubao mweupe wa Ulaya, nilinunua. Milimita 2 hivi.

MpigaUdi: Mimi nimejifunza kupiga udi DCMA, chuo cha muziki cha Unguja, na siku zote nasema udi ndiyo chombo chetu, ungetengeneza hilo. Halafu kwenye picha yako, chini ya tundu kubwa, naona kiraka cha duara. Udi huwa na tundu kubwa moja na madogo mawili. Huo uso umetoka kwenye udi.

FundiRanda: Jibu hilo ndugu yangu. Bila hivyo tunakupotosha.

KijanaChumbageni: Sawa. Ni udi la marehemu babu. Mgongo ulikuwa umepasuka, shingo imeliwa na mchwa, liko juu ya kabati tangu 2009. Ami alisema lisiguswe, lakini ami yuko Muscat, haoni linavyooza. Niliyemuuguza babu ni mimi. Na nimeshakata, halirudi tena. Nataka ami akija Idi asikie ubao ule ule ukilia.

Abuu_Swaleh: Hiyo ni mali ya mirathi. Ungewauliza warithi kabla ya kushika msumeno. Mpigie ami yako leo, usingoje Idi.

FundiRanda: Sasa naelewa kinachozamisha. Kwenye udi daraja limegundishwa usoni na nyuzi zimefungwa hapo hapo, zinalivuta kuelekea shingoni. Kwenye mandolini nyuzi zinapita juu ya daraja na kunasa mkiani, ncha ya chini ya chombo, kwa hiyo zinaukandamiza uso kwenda chini. Mafundi wa Naples, kina Vinaccia wa karne ya 18, waliupinda uso kidogo kwa moto nyuma ya daraja ili ubebe uzito huo. Wako ni bapa, tena mwembamba. Ubandue, uweke mihimili miwili ya kukingama ndani, mmoja karibu na daraja. Umetumia gundi ya ngozi, una bahati: joto na unyevu huiachisha bila kupasua mti.

Jongoo_Pwani: Hii chai. Mwezi wa tatu huyu alifungua uzi hapa jukwaani: "Udi la zamani linauzwa, bei maelewano." Leo limekuwa la babu?

MpigaUdi: Kweli, naukumbuka. Hata nilimpigia, hakupokea.

Jongoo_Pwani: Mnamwaga ushauri kwa mtu asiye na mandolini wala babu.

MamaNassir: Picha si hiyo hapo? Mwacheni ajieleze.

KijanaChumbageni: Uzi ule ni wangu. Nilikuwa na shida ya kodi. Simu ilipoita nikaona siwezi, nikaufuta uzi. Wiki ile ile ndiyo nikashika msumeno, nisije nikajaribu tena kuliuza.

Abuu_Swaleh: Basi mwambie ami na hilo pia.

FundiRanda: Pasha kisu chembamba kwenye maji ya moto, si kwenye moto wenyewe. Anzia mkiani. Kikigoma, usisukume, lowanisha kidogo na usubiri.

KijanaChumbageni: Nimeanza. Upande wa kushoto umeachia kama sentimita 6, haujapasuka. Ami nimemwandikia yote, na la kuuza pia. Tiki zimekuwa za bluu, hajajibu.

FundiRanda: Ukifika shingoni punguza maji. Hapo ndipo huwa panachanika.