Acheni kuwazushia marehemu! Huu uchafu wa "siri za mastaa wa Hollywood" umezidi

Wakuu, nimechoka, na leo naandika nikiwa na hasira kweli.

Juzi usiku nimekaa kuangalia video ndefu ya chaneli moja ya simulizi yenye wafuasi kibao, inahusu maisha ya siri ya waigizaji wa kiume wa Hollywood ya zamani. Msimulizi ana sauti nzuri, muziki wa huzuni unapita chinichini, na kila baada ya dakika mbili anatupia neno "imethibitishwa". Errol Flynn alikuwa jasusi wa Hitler, imethibitishwa. Fatty Arbuckle aliua mwanamke, imethibitishwa. Cary Grant na Randolph Scott waliishi kama mke na mume, imethibitishwa. Nikaandika maoni kwa adabu kabisa, nikaonyesha alipokosea. Yakafutwa. Nikarudia, yakafutwa. Mara ya tatu nikafungiwa.

Hivi aliyethibitisha ni nani?

Nianze na Flynn, maana huyu ananiuma. Marehemu baba alikuwa akitusimulia filamu zake za mapanga mpaka tunasahau kula. Flynn alifariki 1959. Miaka 21 baadaye, mwaka 1980, mwandishi Charles Higham akatoa kitabu kudai jamaa aliwatumikia Wanazi. Kweli Flynn alikuwa na rafiki daktari kutoka Austria, Hermann Erben, na huyo daktari ndiye aliyekuwa na mambo yake na Wanazi. Basi uchafu wa rafiki akamwagiwa Flynn. Waliokwenda kusoma nyaraka zenyewe za serikali ya Marekani hawakukuta hicho kilichodaiwa, na Higham alipobanwa akakubali kwamba hana karatasi hata moja inayosema waziwazi Flynn alikuwa wakala wa Wanazi. Mabinti wa Flynn wakaenda mahakamani California. Wakashindwa! Hawakushindwa kwa sababu madai yalikuwa ya kweli. Walishindwa kwa sababu sheria ya kule haimpi ndugu haki ya kudai fidia pale marehemu anapokashifiwa. Maana yake ukishazikwa, mtu yeyote anaweza kukuita msaliti na akauza kitabu, na watoto wako watazame tu. Na sasa uongo huohuo unatafsiriwa kwa Kiswahili, unawekewa muziki, vijana wetu wanaumeza.

Arbuckle je? Septemba 1921, hotelini San Francisco, kulikuwa na sherehe. Mwigizaji Virginia Rappe akaugua humo, siku chache baadaye akafariki kwa kupasuka kibofu. Magazeti ya William Randolph Hearst yakaifanya biashara, yakamhukumu Arbuckle kama muuaji kabla hakimu hajakaa kitini. Kesi ikasikilizwa mara tatu. Mbili za kwanza baraza la wazee wa mahakama halikuafikiana. Ya tatu, Aprili 1922, likamwachia huru, tena likaandika taarifa ya kumwomba radhi na kusema ametendewa dhuluma kubwa. Siku sita baadaye Will Hays, msimamizi wa maadili wa tasnia, akapiga marufuku filamu zake. Hata marufuku ilipoondolewa jina lilikuwa limekwisha, akabaki miaka mingi akiongoza filamu kwa jina la bandia, akafariki 1933. Miaka mia imepita, ameachiwa na mahakama, bado huyu wa chaneli anamwita muuaji. Halafu Virginia mwenyewe, aliyepoteza uhai, hakutajwa hata jina, ni "yule binti" mwanzo hadi mwisho. Hilo nalo limenikera.

Sasa Grant na Scott. Ushahidi wote wa video ni picha za miaka ya 1930: wawili wanakula pamoja, wanaogelea, wako nyumbani kwao ufukweni Santa Monica. Wakuu, zile picha zilipigwa kwa ajili ya matangazo ya studio! Zilichapishwa magazetini wakati uleule. Yawezekanaje picha iliyogawiwa kwa magazeti ikawa siri iliyofichuliwa? Grant alikana wakati wa uhai wake, na mwaka 1980 alimshtaki mchekeshaji Chevy Chase kwa maneno aliyomsemea kwenye televisheni, wakamalizana nje ya mahakama. Waliyoyajua wao wawili wameondoka nayo. Sema hivyo basi, "watu wanadai", uishie hapo.

Na msinielewe vibaya kwamba nakasirika kwa sababu mtu kapenda mwanamume. Tab Hunter alieleza mwenyewe kwenye kitabu chake cha 2005, kwa mdomo wake, na namheshimu kwa hilo. Mwaka 1955 jarida la Confidential lilikuwa limemwanika kwa habari ya kukamatwa kwake kwenye sherehe miaka mitano nyuma. William Haines aliacha usinema badala ya kumwacha mwenzake, wakaishi pamoja mpaka Haines alipofariki 1973. Hayo yanajulikana, yasimulieni kwa heshima.

Lakini tazameni yaliyompata Rock Hudson. Mwanzoni mwa miaka ya 1970 watu fulani wa Huntington Beach, California, walisambaza kadi za mwaliko kwa utani, kwamba Hudson anafunga ndoa na mwigizaji mwenzake Jim Nabors. Utani! Ukageuka habari, ukazunguka Marekani nzima. Ni kweli wote wawili walipenda wanaume, ila hawakuwahi kuwa wapenzi. Walikuwa marafiki tu, na baada ya hapo wakaogopa hata kuonekana pamoja. Urafiki ukafa hivyo. Hudson alifariki Oktoba 1985 kwa UKIMWI, na juzi nimesikia ile ndoa inasimuliwa tena kama jambo lililotokea, pamoja na maelezo ya keki!

Nataka mambo mawili. Wanaoleta nyuzi za mastaa wa zamani hapa jukwaani waweke chanzo, na mods wafute uzi usio na chanzo. Na mwenye ile chaneli, najua unapita humu: rekebisha sehemu ya Flynn na ya Arbuckle, sema hadharani ulikosea.

Nimeiangalia tena asubuhi hii kwa simu ya mke wangu. Bado ipo vilevile, na mtu wa juu kabisa kwenye maoni kaandika "kumbe Flynn alikuwa Nazi, sikujua".