Studio ya masters ya usanifu: tunalipa ada tufundishwe, tunaishia kuhukumiwa

Wakuu salaam. Uzi ni mrefu na nimeuandika nikiwa na hasira, atakayechoka aruke. Chuo sikitaji, na msije PM kunibembeleza nikitaje, maana bado nina tasnifu ya kutetea mbele ya walimu hao hao ninaowasema hapa.

Niko masters, usanifu majengo na usanifu wa miji. Kwa wasioijua fani hii: kozi imesimama juu ya studio, lekcha ni nyongeza tu. Unapewa kipande cha mji na muhula mmoja. Unakwenda kupima, unaongea na watu, unachora, mwalimu anakaa na wewe mezani mnabishana juu ya mchoro, unarudi kuuchora upya. Mwisho wa muhula ndiyo juri: unabandika kazi ukutani, unajieleza, wanakuhoji. Kwetu ile ya mezani imekufa. Imebaki ya ukutani.

Ratiba inasema studio Jumanne na Alhamisi mchana. Jumanne inafika, kwenye group la WhatsApp unadondoka ujumbe: "Leo niko nje ya kituo, endeleeni na kazi." Alhamisi ni kikao. Jumanne inayofuata ni usaili wa watu wengine huko. Endeleeni na kazi. Kazi ipi, kama wiki ya pili nilikuwa na mawazo matatu na hakuna aliyeniambia lipi lina uhai? Mwenzetu mmoja ni mtumishi wa halmashauri mkoani, ruhusa kaipata kwa mbinde. Analala kwenye basi, anashuka Mbezi alfajiri, anakuja chuoni na begi lake moja kwa moja. Anakuta ujumbe ule. Jioni anapanda basi kurudi kazini.

Na msiniambie masters ni ya kujitegemea. Kujitegemea nakujua, ndiko kulikonileta. Lakini studio haikubuniwa kuwa chumba cha watu wazima kuachiwa viti na soketi. Donald Schön wa MIT, miaka ya themanini, aliwachunguza watu wa fani mbalimbali wanavyojifunza, akaikuta studio ya usanifu inafanya kitu ambacho lekcha haiwezi. Alichokieleza ni kitu kidogo sana: mwanafunzi amekwama, mwalimu anatandaza karatasi ya tresing, ile inayoonyesha kilicho chini yake, juu ya mchoro wake, anaanza kuchora huku anaongea, na mwanafunzi anaona kwa macho jinsi mtu mzoefu anavyofikiri kwa mkono. Basi. Hakuna projekta, hakuna bajeti, hakuna wafadhili. Karatasi, kalamu na mwalimu aliyekaa kwenye kiti. Hicho ndicho tunacholipia na hicho ndicho hatupewi.

Sasa twende siku ya juri, maana ndiyo iliyonitoa kwenye mstari.

Muhula huu tulipewa Kariakoo. Siyo sehemu ya kuchezea ile. Gridi ya mitaa ilichorwa na Wajerumani kabla ya Vita Kuu ya Kwanza, na viwanja vilikatwa kwa ajili ya nyumba ya Kiswahili: baraza mbele, ukumbi katikati, vyumba huku na huku, ua nyuma. Leo kiwanja hicho hicho kimebeba ghorofa, chini fremu, juu stoo, ua umemezwa kabisa, na mtaa nje haujaongezeka hata hatua moja. Soko lenyewe, lililosanifiwa na Beda Amuli, lenye paa la miamvuli ya zege, liliungua Julai 2021. Mwaka huo huo machinga wakaondolewa barabarani. Novemba 2024 ghorofa likaporomoka, watu wakafa chini ya vifusi. Sasa mwenye akili timamu akikaa na wanafunzi wa masters juu ya ramani ya Kariakoo, ataanza kuuliza nini? Mimi ningeuliza gari la zimamoto linapita wapi. Ningeuliza mvua ya masika inakwenda wapi baada ya ua zote kuwa zege. Ningeuliza mtu anapoongeza ghorofa juu ya msingi uliowekwa kwa jengo dogo, nani anapita kukagua, na anakagua nini.

Kundi letu tulichukua Mtaa wa Kongo. Tulipima kwa futi ya utepe, siyo Google Earth. Tulichora seksheni, yaani mtaa kama umekatwa kwa kisu ukauona kwa ubavu, kwa skeli ya 1:100 ya asubuhi, ya mchana na ya jioni, kwa sababu mtaa ule unabadilika upana kwa saa: alfajiri maguta yanashusha mizigo, saa tatu meza zinatoka, jioni meza zinasogea hadi katikati na mteja anapita ubavu. Tulionyesha kila meza, kila mwamvuli, anapokaa mama wa chai, anapopumzika mbeba mzigo. Pendekezo lilikuwa la kawaida sana: kuacha njia ya zimamoto iliyo wazi saa zote, mifereji iwe chini yake, na meza zipangwe zikiegemea upande mmoja wa mtaa badala ya pande zote mbili.

Mgeni wa juri akaingia tumeshafika nusu ya maelezo. Hakuwa ameona saiti, hakuwa amesoma muhtasari wa kazi, alisema mwenyewe. Akatembeza macho, akagusa picha kubwa kwa kalamu yake, akasema: "Binti, toa hawa watu, wanachafua perspektivu." Hawa watu! Mradi mzima ndio hawa watu. Nikajaribu kueleza, mwalimu wetu, ambaye kazi ile alikuwa anaiona pamoja na mgeni kwa mara ya kwanza, akanikata: "Sikiliza unapokosolewa." Kisha wakahamia kwenye rangi ya background na ukubwa wa maandishi. Wanasema mgeni njoo mwenyeji apone. Huyu alikuja, mwenyeji akazikwa.

Neno zimamoto halikutamkwa na yeyote upande ule wa meza. Wala mifereji. Kundi lililofuata lilikuwa na mnara wa vioo uliorendiwa vizuri na Lumion, programu ya kompyuta ya kutengeneza picha za majengo, barabara tupu, miti ambayo haioti Dar, na watoto wa Kizungu wakiendesha baiskeli Kariakoo. Likapigiwa makofi. Siwalaumu wenzangu, wamewasoma walimu wetu kuliko mimi.

Matokeo yakatoka: 58. Namba tupu kwenye mfumo. Hakuna maoni, hakuna mgawanyo, kiasi gani uchambuzi, kiasi gani pendekezo, kiasi gani uwasilishaji. Nikaenda ofisini kwa adabu zote, shikamoo na magoti, nikaomba kuona vigezo. Jibu: "Ubunifu haupimiki." Sawa mwalimu wangu. Kama haupimiki, 58 imepatikana wapi? Kwa nini isiwe 57 au 71?

Mambo ya gharama sitayachambua, kila aliyesoma usanifu anayajua. Plota ya chuo, printa ya karatasi kubwa, mbovu tangu nianze, kwa hiyo michoro ya rangi ya A1 mnapeleka mjini, na pesa ya kuprinti juri moja inalipa kodi ya chumba Mbagala mwezi mzima na chenji inabaki. Modeli unaisindikiza kwenye bajaji umeikumbatia. Yanauma, lakini yanavumilika ukijua kuna mtu ataiangalia kazi yako kwa makini.

Najua atakuja mkongwe kuandika "hata sisi tulipitia hayo, yalitukomaza." Mkuu, kukesha siku tatu na kudhalilishwa mbele za watu siyo silabasi. Na hiyo hoja imeshajibiwa kwingine zamani. Marekani umoja wa wanafunzi wa usanifu ulikaa, ukaandika ripoti mwaka 2002 juu ya tabia za studio, kuanzia kukesha hadi namna juri zinavyoendeshwa, na baadaye chombo cha ithibati kikazitaka shule ziwe na sera ya maandishi kuhusu studio. Hata École des Beaux-Arts ya Paris, ambako utaratibu huu wa juri una mizizi yake, wanafunzi walikuwa na atelier, yaani karakana ya kuchorea, na bwana wao wa kuwafundisha kabla kazi haijaenda kuamuliwa. Sisi tumerithi hukumu, mafunzo tumeyaacha Ulaya.

Tunachotaka hakihitaji mfadhili. Kila mwanafunzi akae mezani na mwalimu wake angalau mara moja kwa wiki, na mwalimu huyo asipokuja aje mwingine. Vigezo vya alama vitolewe siku mradi unapotolewa, kwa maandishi. Mgeni wa juri apelekwe saiti kwanza, na kama hana muda wa kufika Kariakoo, ambayo ni mwendo wa mwendokasi tu, basi hana muda wa kutuhoji. Na alama zije na maelezo, hata mistari mitano.

Waliosoma masters za namna hii Nairobi, Kampala, Kigali, Ulaya, tupeni uzoefu: kwenu mwalimu alikuwa anakaa mezani kweli, au ni sisi tu?

UPDATE: Mdau hapo chini anasema mimi naogopa kukosolewa. Ndugu yangu, njoo unikosoe hata kesho, ila njoo na tresing na kalamu, ukae. Na wanaouliza kwa nini hatujafika kwa mkuu wa idara: tumefika. Tukaambiwa tuandike barua. Ikaandikwa, ikasainiwa na darasa zima, ikagongwa muhuri wa kupokelewa. Majibu mpaka sasa hakuna, ila mwakilishi wetu ameitwa kando akaulizwa ni nani hasa aliyeiandika.