Kamera ya kazi au kamera ya kabatini? Karibuni tujadiliane

Mleta mada:
Wakuu, kuna hoja naisikia kila wapiga picha wakikutana: eti mwenye vifaa vingi ndiye mpiga picha wa kweli, na kijana anayeanza ajikusanyie bodi (kamera yenyewe bila lenzi) na lenzi kwanza, kazi zitamfuata. Naipinga. Kwanza ujue picha ni ya nini na itaishia wapi, ndipo uende dukani.

Chukueni harusi, maana ndiko wengi tunakopatia riziki. Ukumbi giza, taa za mapambo zinabadilika rangi, bibi harusi anaingia akicheza. Lenzi iliyokuja na kamera, ile ya 18-55mm, ukiivuta hadi mwisho inafunguka f/5.6 tu (namba hiyo ikiwa ndogo, tundu la mwanga ni kubwa). Bodi hiyohiyo ifunge lenzi ya 50mm f/1.8, ile nyepesi ya plastiki ya bei poa: unapata mwanga karibu mara kumi. Picha uliyokuwa unaipiga kwa 1/20 ya sekunde ikatoka imetikisika, sasa unaipiga kwa 1/200. Na bodi ni ya zamani ileile.

Halafu hizi megapikseli, yaani mamilioni ya nukta zinazounda picha. Kuchapa A4 safi, nukta 300 kwa inchi, unahitaji kama 9. A3 ni kama 17 na nusu. Ya 24 inamaliza albamu yoyote ya kawaida. Mtu ananunua ya 45, kisha kazi yote anaituma WhatsApp ikabanwe njiani!

Mdau wa Arusha:
Sisi wa porini usituchanganye humo, mkuu. Nina bodi mbili, nikizipanga mezani utaniita mkusanyaji. Kiangazi vumbi linaingia garini kila upande. Ukivua lenzi umelikaribisha ndani ya bodi. Ndiyo maana lenzi ya 100-400, ya kuvuta mbali, haitoki kwenye moja, na ya 24-70, ya karibu, haitoki kwenye nyingine. Chui hasubiri nibadilishe.

Mleta mada:
Hapo sina ubishi. Zote mbili ziko kazini.

Mdau wa Zanzibar:
Mimi ndiye mnayemsema. Nakusanya kamera za filamu. Ninayo Pentax K1000, mfano uliotengenezwa kuanzia 1976 hadi 1997: kila kitu unazungusha mwenyewe, na shata yake, kile kipazia kinachofunguka kupitisha mwanga, ina mlio ambao dijitali haina. Napiga nayo? Mara chache sana. Mbona anayekusanya stempu hamumuulizi amemwandikia nani barua? Na msidharau thamani. Mwaka 2022 kamera ya Leica ya 1923, iliyokuwa ya Oskar Barnack mwenyewe, iliuzwa mnadani Ujerumani kwa zaidi ya euro milioni 14.

Mleta mada:
La stempu nimelipokea, umenipata. Ila hiyo Leica inanisaidia mimi. Barnack ndiye aliyeibuni Leica. Aliyeinunua kanunua historia, wala haendi nayo kupiga sendofu. Bodi ya dijitali ya juzi haina Barnack: toleo jipya likitoka, bei yake inaporomoka. Kusanya upendavyo, ni pesa yako. Ninachokataa ni kumwambia kijana akope kwa jina la mtaji.

Mdau wa Mombasa:
Hamjagusa hewa yetu ya pwani. Lenzi ikikaa gizani na unyevu, fangasi inaota ndani ya kioo, nyuzi nyeupe kama utando wa buibui. Fundi anaweza kuifungua na kuisafisha, lakini ikishakula koti la kioo, ule utando mwembamba uliopakwa juu yake, alama haitoki. Zanzibar, zako umeziweka wapi?

Mdau wa Zanzibar:
Boksi lisilopitisha hewa, silika jeli ya kufyonza unyevu ndani, na huwa nazitoa nizikague. Mkusanyaji mzembe si mkusanyaji.

Mdau wa Dodoma:
Mnamsahau mteja. Kamati ya harusi ikikaa, swali la kwanza ni "unatumia kamera gani?" Nikitoa bodi ndogo, hapohapo wanaanza kushusha bei, hata albamu hawajaifungua. Kwangu bodi kubwa inafanya kazi hata ikiwa imezimwa: ni tangazo.

Mleta mada:
Hili gumu, nakiri. Mimi ningetanguliza albamu iliyochapwa, waishike mkononi kabla ya kuiona kamera. Wakikomaa, nakodi bodi kubwa kwa siku hiyo moja, gharama naiweka kwenye bei.

Mdau wa Dodoma:
Kwenye bei ipi, mkuu? Hiyohiyo ambayo wameshaishusha?