Viazi mviringo: mashina yamekatwa, majani yana michoro, viazi vina matundu. Ni mdudu mmoja?

Uporoto_Shambani:
Habari zenu wakuu. Shamba ni la viazi mviringo, ukanda wa Uporoto, Mbeya. Kipande kimoja kina wiki ya 3, kingine kinaelekea wiki ya 10. Kwenye kile kichanga mashina yanakutwa asubuhi yamekatwa usawa wa ardhi. Kwenye kikubwa, majani ya chini yana michoro na mabaka yanayokauka, na viazi vichache vilivyofukuliwa vina matundu, mengine membamba, mengine mapana. Duka la pembejeo wanashauri dawa moja ya kupuliza kwa yote. Kuna namna ya kuwatambua hawa wadudu kwa macho kabla ya kununua?

BwanaShamba_Nyanda:
Mkuu, usinunue kwanza. Hao si mdudu mmoja.

Mashina yaliyokatwa ni kazi ya sota. Nenda alfajiri, chagua shina lililoanguka leo (jani bado bichi), fukua udongo kulizunguka kwa kijiti, sentimita 2 hadi 5. Utamkuta kiwavi mnene, laini, rangi ya kijivu au nyeusi, na ukimgusa anajikunja. Anakula usiku, mchana yuko ardhini, ndiyo maana dawa inayopulizwa kwenye majani saa 4 asubuhi haimpati. Eneo likiwa dogo, waokote kwa mkono. Ikibidi kupuliza, fanya jioni na uelekeze bomba kwenye shina na udongo wake. Msimu ujao lima na ondoa magugu wiki 3 au 4 kabla ya kupanda, kwa sababu viwavi hao huanza kukua kwenye magugu, na ukipanda mara tu baada ya kulima hawana kingine cha kula isipokuwa miche yako.

Mmea ukinyauka bila kukatwa, hiyo ni habari nyingine. Kata kipande cha shina, kitumbukize kwenye glasi ya maji safi bila kukitikisa. Ukiona nyuzi nyeupe za maziwa zinashuka ndani ya dakika chache, ni mnyauko bakteria, na hakuna dawa ya wadudu itakayosaidia.

Matundu ya viazi yasome hivi. Tundu pana lisilo na kina, kama limekwanguliwa: sota, au funza mweupe mwenye kichwa cha kahawia na miguu sita, ambaye hupatikana sana kwenye ardhi iliyokuwa na nyasi au iliyowekwa samadi isiyooza. Tundu jembamba, safi, lililonyooka kuelekea ndani: ni buu mwembamba, mgumu, wa rangi ya njano-kahawia. Tundu lenye uchafu mweusi na utando wa hariri mlangoni, hasa kwenye jicho la kiazi: huyo ni nondo wa viazi. Pasua kiazi. Ukikuta njia zinazopinda zenye kinyesi cheusi na kiwavi mweupe au mwenye wekundu kidogo, kichwa cha kahawia, urefu usiozidi sentimita 1.5, hakuna shaka tena.

Waru_Kinangop:
Niongeze upande wa majani, maana hapo wengi hupoteza pesa. Shika jani juani, ulitazame kwa kuliangazia.

Mstari mwembamba unaofuata mshipa wa kati, na vitone vingi vidogo vyeupe juu ya jani: huyo ni inzi mdogo mweusi mwenye njano mgongoni, milimita 2 hivi. Vitone ni mahali jike alipotoboa ili kula na kutaga. Buu wake hana miguu wala kichwa kinachoonekana. Baka pana linaloonyesha mwanga, lenye kinyesi cheusi ndani na kiwavi mwenye miguu: nondo wa viazi, au kantangaze (nondo wa nyanya) kama kuna nyanya karibu. Baka lisilo na njia yoyote ndani, na chini ya jani kuna ukungu mweupe asubuhi: hiyo ni baridi ya viazi, yaani ugonjwa wa ukungu, si mdudu; inahitaji dawa ya ukungu.

Kwa huyo inzi, dawa za jamii ya pairethroidi (saipamethrini, deltamethrini na ndugu zao) mara nyingi huzidisha tatizo. Zinaua nyigu wadogo wanaotaga ndani ya mabuu, huku buu mwenyewe amejikinga ndani ya jani. Wiki chache baadaye inzi wanarudi wengi kuliko mwanzo. Tumia dawa inayopenya jani, kama abamektini, ikiwa lebo inataja viazi na mdudu huyo. Zao likikaribia kukomaa na michoro iko majani ya chini tu, kwa maoni yangu usipulize kabisa.

Uporoto_Shambani:
Ahsanteni sana. Nimepasua: ni uchafu mweusi kwenye macho, na kiwavi yupo. Kwa hiyo nondo. Sehemu ya viazi hivi ilikuwa iwe mbegu. Vidukari je, niwahofie?

BwanaShamba_Nyanda:
Kwa mbegu, vidukari ndio wa kuhofia zaidi, hata wakiwa wachache. Geuza majani ya chini na ya katikati. Ni wadudu laini wa kijani au wekundu wenye vijimirija viwili nyuma ya tumbo. Hasara yao kubwa ni virusi. Virusi vya kujikunja majani, kidukari huvipata na kuviambukiza kwa kufyonza muda mrefu, hivyo dawa husaidia. Virusi Y huambukizwa kwa sekunde chache tu za kuchoma jani, kabla dawa haijamuua. Mmea wenye majani magumu yaliyojikunja kwenda juu, au wenye mabaka ya kijani hafifu na majani yaliyokunjamana, ng'oa pamoja na viazi vyake.

Sasa nondo. Ziba nyufa za matuta leo, kiazi cha juu kabisa kifunikwe na angalau sentimita 10 za udongo. Nondo hutaga kwenye kiazi kilicho wazi au kwenye ufa, na kiwavi mchanga hapiti udongo mzito. Vuna mara ngozi ikikomaa. Viazi visilale shambani, maana nondo huruka jioni. Na tafadhali, usifunike lundo kwa majani ya viazi: yakikauka, viwavi wanahama moja kwa moja kuingia kwenye viazi.

Waru_Kinangop:
Kabla ya kuweka stoo, chambua kimoja kimoja na uondoe chenye tundu. Ndani ya stoo nondo anaendelea kuzaliana, na kwenye joto kizazi kimoja huchukua kama mwezi. Mbegu zipange kwenye rafu zenye mwanga hafifu na hewa, tabaka 2 au 3 tu, na madirisha yawe na wavu mwembamba. Majani makavu ya lantana kati ya matabaka husaidia kumfukuza, lakini yatumike kwenye viazi vya mbegu tu, si vya kula, kwa sababu lantana ina sumu. Kagua kila wiki ukianzia tabaka la chini.