"MWAMBIE NG'OMBE WAKO AWEKE PAMBA MASIKIONI" – mtu mzima kanijibu hivi!

MamaMaziwa: Watu wa Busia, huyu mnamjua, sina haja ya kumtaja. Yule wa baa yenye spika ndefu kama mlango. Jana usiku kazigeuza zote zikaelekea zizi langu, bati likacheza mpaka misumari ikataka kuhama. Nikamfuata kwa heshima zote: mzee, punguza kidogo, ng'ombe wangu maziwa hayashuki. Mbele ya walevi wake akasema aweke pamba masikioni.

PAMBA!

Ng'ombe akishtuka mwili unamwaga adrenalini, nayo inaizuia oksitosini, homoni inayoshusha maziwa. Leo alfajiri kiwele kimejaa, kigumu, chuchu zinatoa matone tu, mnyama anatetemeka miguu na masikio kayasimamisha kuelekea baa. Kelele zikiwa za kila siku kotisoli, homoni ya msongo, nayo inapanda, kinga ya mwili inalegea, hata kushika mimba inakuwa taabu. Halafu mtu ananiambia pamba. Mbele ya walevi!

Boda_Malaba: Pamba ipo duka la dawa, mama. Nunua kilo mbili, masikio ya frisiani ni makubwa 😂

KukuWaMbale: Wewe cheka tu. Kuku wangu wakipigiwa kelele wanazuia yai tumboni, likitoka limepauka kama limepakwa chokaa. Hiyo ni kotikosteroni, homoni ya msongo ya kuku. Mimi jirani yangu ni jenereta.

Mzee_wa_Jinja: Hata nyangumi. Septemba 2001, baada ya mashambulizi kule Marekani, meli zilipungua Ghuba ya Fundy, Kanada, bahari ikatulia. Watafiti wakapima kinyesi cha nyangumi, homoni za msongo zikawa zimeshuka.

Boda_Malaba: Kinyesi cha nyangumi! Mzee, kazi hiyo inalipa shilingi ngapi?

MamaMaziwa: Tuacheni nyangumi! Kaniambia PAMBA!

Nalongo_Tororo: Umefika kwa LC1, mwenyekiti wa kijiji, dada?

MamaMaziwa: Nitafika. Lakini pamba, kweli? Kwa ng'ombe?

KukuWaMbale: Afadhali baa, ina saa ya kufunga. Jenereta halilewi wala halilali.

Nalongo_Tororo: Njoo uone mashine ya kusaga iliyopakana na ukuta wangu. Mbuzi wakiisikia inawashwa wanakimbilia barabarani.

Dereva_wa_Trela: Na nyinyi wa boda mnaotoboa ekzosi?

Boda_Malaba: Honi zenu za usiku kucha mpakani je? Enhe, leo foleni imefika wapi? Nina abiria.

Dereva_wa_Trela: Usiulize. Nimezima injini tangu asubuhi.