Je, ni haki kodi zetu Canada zigharimie filamu za Kiinuktitut? Kisa cha kampuni ya Isuma

MlipaKodi_Edmonton
Wakuu, heshima kwenu. Niko Alberta, napiga zamu za usiku ghalani, kodi inakatwa kabla hela sijaiona. Juzi kijana wangu karudi na kazi ya shule kuhusu kampuni ya filamu inaitwa Isuma, iko Igloolik, kaskazini kabisa kule Nunavut. Nimeisoma naye nikachoka. Kijiji chenyewe watu ni kama elfu mbili tu. Kampuni ni ya binafsi, imesajiliwa 1990, inatengeneza filamu na vipindi kwa Kiinuktitut, lugha ya Inuit, wenyeji wa asili wa kule kaskazini, ambayo Canada nzima wanaoizungumza ni kama elfu arobaini. Hela wanatoa wapi? Telefilm, mfuko wa serikali. NFB, shirika la filamu la serikali. Mfuko wa televisheni. Nafuu ya kodi. Kila mlango wanaobisha, anayefungua ni mimi. Na pamoja na hayo yote, 2011 madeni yakawashinda, kampuni ikawekwa chini ya mfilisi.

Kichekesho sasa: kijiji hichohicho kilipiga kura kuikataa televisheni, tena mara mbili! Mtu kaikataa TV, leo nimlipie atengeneze vipindi vya TV?

Ni haki? Hoja tu. Matusi baki nayo kwako.

Kitaa_One
Nimekaa mbele kabisa. Asiyenijua asinisukume.

DerevaWaSeti
MlipaKodi, mimi naendesha malori ya seti hapa Toronto. Haya malori yanayoziba mitaa, mengi ni ya Wamarekani. Wanakuja kwa sababu dola ya huku iko chini na serikali inawarudishia sehemu ya mishahara wanayowalipa mafundi. Mtaa unageuzwa New York, masanduku ya posta yanabadilishwa, bendera zinapachikwa, wiki mbili wameondoka. Hiyo nayo ni kodi yako, mbona haikuumi?

Kampuni huru ya Kikanada ni ile ambayo hadithi ni yake na haki za filamu zinabaki kwake. Na hiyo bila mfuko wa umma haisimami, si Igloolik tu, hata ya hapahapa Toronto, maana soko la Kiingereza jirani kalimeza lote. Hata Quebec, karibu theluthi ya hela ya Telefilm inakwenda kwenye filamu za Kifaransa. Ukiitoa hiyo hela, huku kwenye skrini atabaki Mmarekani peke yake.

MlipaKodi_Edmonton
Quebec ni mamilioni ya watu, usinichanganyie madesa. Na Wamarekani fungulia uzi wao. Nimeuliza kura mbili za kukataa TV, hujajibu.

Bi_Mkasi
Nakujibu mimi, kaka. Kura zilikuwa 1975 na 1979. TV iliyokuwa inaletwa kwa setilaiti ilikuwa ya CBC, shirika la utangazaji la taifa, Kiingereza kuanzia asubuhi hadi usiku, Kiinuktitut hamna. Wazee wakasema hii ikiingia sebuleni, ndani ya miaka michache hatutaelewana na wajukuu. Wakangoja. Inuit walipopata shirika lao la utangazaji mwanzoni mwa miaka ya 80, ndipo Igloolik ikakubali, 1983. Na Zacharias Kunuk, huyo aliyeanzisha Isuma na wenzake, alifanya kazi kwenye shirika hilo. Kamera yake ya kwanza alinunua 1981 kwa hela ya sanamu za mawe alizochonga mwenyewe na kwenda kuziuza Montreal. Hiyo kodi yako ilikuwa wapi siku hiyo?

Kwani sisi? Mwalimu Nyerere alituzuia TV Tanzania kwa hoja za kufanana na hizo, ikaja kuingia 1994, na hatukufa.

Mpemba_Asilia
Tanzania ipi hiyo, bi mkubwa?

Bi_Mkasi
Iko ngapi?

Mpemba_Asilia
Ebo! Zanzibar tuna televisheni tangu 1973, wengine wanasema mwanzoni mwa 74, na ya rangi! Kusini mwa Sahara hapakuwa na mwenziwe. Makaburu na dhahabu zao zote wamewasha TV 1976. Nyinyi wa Bara 1994. Halafu mtu anakaa Dar anaandika "alituzuia Tanzania". Aliwazuia nyinyi.

Kitaa_One
😂😂 Kwisha habari ya Canada.

SouthC_Original
Wadau, Kenya tulikuwa nayo 1962, kabla hata ya uhuru. Sijui mnabishania namba ngapi.

Mpemba_Asilia
Nyeusi na nyeupe, sheikh. Nimesema ya rangi.

Mchuzi_wa_Pweza
Mpemba, hiyo TV ilikuwa ya wangapi? Mjini seti za kuhesabu, shamba mtu anaisikia kwa jina. Rangi ya nini kwa mtu asiyeiona?

Mpemba_Asilia
Seti ziliwekwa barazani, watu wakaangalia kwa pamoja. Muulize mama yako kama hakuwahi kukaa kwenye mkeka mbele yake.

Mchuzi_wa_Pweza
Mama yangu muache. Sema mengine yote, mama muache.

Mwalimu_Mstaafu
Vijana, taratibu. Tumeambiwa hoja.

Mchuzi_wa_Pweza
Shikamoo mwalimu. Mwambie na yeye.

*— ukurasa wa 5 —*

MlipaKodi_Edmonton
Kurasa nne za TV ya Zanzibar na seti za rangi. Jamani, swali langu ni kodi ya Canada.

Mwalimu_Mstaafu
Marahaba wote. Ndugu MlipaKodi, nadhani umeishia kwenye madeni ya 2011 hukutazama walichokizalisha. Filamu yao ya *Atanarjuat* ndiyo ya kwanza ndefu kuandikwa, kuongozwa na kuchezwa yote kwa Kiinuktitut. Ni hadithi ya zamani ya hapohapo Igloolik, wazee walihojiwa, ikaandikwa na Paul Apak Angilirq, ambaye alifariki 1998 kabla ya kuiona imekamilika. Wenyeji waliionyeshwa kwanza, Desemba 2000. Mwaka uliofuata ikachukua Caméra d'Or pale kwenye tamasha la filamu la Cannes, tuzo ya filamu ya kwanza ya mwongozaji. Mwaka 2015 tamasha la Toronto lilikusanya maoni ya wataalamu kuhusu filamu bora za Canada za wakati wote, hiyo ikashika namba moja. Iligharimu takribani dola milioni 1.9, kwa urefu wa karibu saa tatu.

Na hiyo milioni 1.9 hawakuipata kwa kupewa tu. Telefilm ilikuwa na fungu moja la Kiingereza, moja la Kifaransa, na kifungu kidogo cha lugha za wenyeji wa asili. Isuma wakaambiwa wapange foleni kwenye hicho kidogo. Kazi ilisimama katikati kwa kukosa fedha, wakabishana na serikali kwa barua mpaka NFB ikaingia ubia. Kwa hiyo ukiuliza kama ni haki, uliza pia kwa nini watu waliokuwapo pale kabla ya Mwingereza na Mfaransa ndio wapewe kifungu cha mwisho.

Kitaa_One
Mwalimu hiyo ndiyo ile jamaa anakimbia uchi kwenye barafu?

Mwalimu_Mstaafu
Ndiyo. Natar Ungalaaq.

Kitaa_One
Uchi kabisa? Kwenye barafu? Na kalipwa shilingi ngapi?

SouthC_Original
Niliiona hiyo scene. Boss, yule jamaa anakimbia dakika nzima nikavaa soksi.

Mama_Wawili_Calgary
Na hizo ndizo mnataka watoto wasome shuleni? MlipaKodi, kijana wako ana miaka mingapi?

MlipaKodi_Edmonton
Kumi na nne. Dada, hiyo sehemu mwalimu wao aliiruka.

Mama_Wawili_Calgary
Umemuuliza mwalimu au umemuuliza mtoto?

Papaa_Lubumbashi
Miye niko Montreal, nisikilizeni kidogo. Nyote munasema Inuit, Inuit. Nani alishika kamera? Norman Cohn, muzungu wa New York. Ndiye mwenye kampuni pamoja nao. Sisi watu wa Kongo hadithi hii tunaijua: muzungu yuko nyuma, sura yetu iko mbele, heshima inagawanywa huko Ulaya.

Bi_Mkasi
Papaa, mwongozaji ni Kunuk. Mwandishi Apak. Mzee Pauloosie Qulitalik ni mwanzilishi pia. Robo tatu ya kampuni ilikuwa ya Inuit. Cohn kahamia kule, kafanya nao kazi miaka na miaka. Mzungu mmoja kwenye kampuni ndiyo inakuwa yake?

Papaa_Lubumbashi
Dada, robo moja ya muzungu ni nzito kuliko robo tatu zetu.

Kitaa_One
Hii naiandika ukutani.

Bi_Mkasi
Iandike, lakini si jibu. Filamu ilipigwa kwao, mavazi ya ngozi yameshonwa na kina mama wa pale, wachezaji wa pale. Sehemu kubwa ya bajeti ilibaki kijijini. Nitajie filamu ya DRC iliyofadhiliwa na Ulaya ambayo hela ilibaki Lubumbashi.

Papaa_Lubumbashi
Hapo umenipiga na Kongo yangu. Si vizuri, dada. Kongo uiache.

Mchuzi_wa_Pweza
Kila mtu humu ana kitu chake cha kuachwa.

Mpemba_Asilia
Narudi kwa Bi Mkasi, maana hajafuta kauli yake ya ukurasa wa kwanza.

Bi_Mkasi
Sifuti. Katiba inasema nchi ni moja.

Mpemba_Asilia
Katiba haikuwasha TV 1973.

*— ukurasa wa 9 —*

DerevaWaSeti
Nimetoka zamu nakuta bado tuko Unguja. MlipaKodi, swali langu la juu kabisa hukuligusa: usipotoa hela ya umma, huku atabaki nani zaidi ya Mmarekani? Jambo jingine, siyo kodi ya mwananchi peke yake tena. Juni 2024 CRTC, mamlaka ya utangazaji ya Canada, iliamuru kampuni kubwa za kutiririsha video, za kigeni, zenye mapato ya Canada yanayozidi dola milioni 25 kwa mwaka, zichangie asilimia 5 ya mapato hayo, na sehemu yake iende kwa wazalishaji wa asili. Wenyewe wamekimbilia mahakamani. Kwa hiyo anayelia si wewe tu, Netflix naye analia.

MlipaKodi_Edmonton
Netflix akilia ananipandishia bei mimi. Hukufikiria hilo?

DerevaWaSeti
Nimekuuliza swali, umenijibu bili.

MlipaKodi_Edmonton
Kwa sababu bili ndiyo naiona. Hizo sifa za Cannes sijawahi kuziona kwenye akaunti yangu. Nyie wa Toronto mnakula kwenye hizo seti, lazima mtetee.

DerevaWaSeti
Nakula kwenye seti za Wamarekani, kaka. Isuma hawajawahi kuniajiri hata siku moja. Mimi natetea kitu ambacho hakinilipi, wewe unapinga kitu ambacho kinakukata senti. Tuangalie nani ana maslahi hapa.

Mama_Wawili_Calgary
Mimi nauliza kitu kidogo. Watoto wangu Kiswahili wanakisikia kwangu tu. Baba yao akiwa kazini, nyumba nzima inaongea Kiingereza. Wale wa Igloolik wana kituo chao, si ndiyo? Kuna mtu alinitajia.

Mwalimu_Mstaafu
Ndiyo, Uvagut TV, kilianza Januari 2021, Kiinuktitut saa zote ishirini na nne, na watu wa Isuma ndio walio nyuma yake. Kabla ya hapo walikuwa na tovuti yao ya video tangu 2008. Na 2012, wakati wa vikao vya mgodi wa chuma wa Mary River, walitangaza vikao kwa lugha ya watu ili wajue kinachopangwa kwenye ardhi yao. Hilo kwangu ni kubwa kuliko tuzo.

Mama_Wawili_Calgary
Kuna vipindi vya watoto?

Mwalimu_Mstaafu
Vipo.

Mama_Wawili_Calgary
Haya. Nimeelewa.

MlipaKodi_Edmonton
Mnajua shida yangu siyo lugha. Shida yangu ni mgawanyo. Kama ni lugha, Waswahili tuko Canada nzima: Wakongo, Watanzania, Wakenya, Warundi. Edmonton peke yake ukiingia msikitini Ijumaa au kanisani Jumapili unasikia Kiswahili kila kona. Sisi kifungu chetu kiko wapi?

Bi_Mkasi
Subiri kwanza. Asubuhi ulikuwa unapinga hela ya umma kwenye filamu. Sasa unauliza yako iko wapi?

MlipaKodi_Edmonton
Nauliza kama mlipa kodi.

Papaa_Lubumbashi
Ndugu, wale ardhi ni yao. Sisi tulikuja na ndege. Si kitu kimoja.

MlipaKodi_Edmonton
Kodi hainiulizi nilikuja na nini.

DerevaWaSeti
Hapo kidogo umesema kitu. Sikiliza: Inuit kifungu chao ni haki ya mwenyeji, usikiguse. Ila mlango upo. Kuna Black Screen Office, taasisi inayowatetea watengeneza filamu Weusi, kuna fedha Telefilm imetenga kwa watengenezaji wasio wazungu. Unahitaji kampuni iliyosajiliwa huku, andiko, na haki ya hadithi iwe mikononi mwako kwa maandishi. Una hadithi?

MlipaKodi_Edmonton
Ninayo. Nimeiandika tangu nikiwa Tabora. Kurasa mia na kumi.

Kitaa_One
AHAAAA. Kumbe uzi mzima ni wivu wa mshindani.

SouthC_Original
Kurasa mia na kumi kwenye ghala, usiku. Respect buda.

Bi_Mkasi
Mtu anakimbia uchi humo?

MlipaKodi_Edmonton
Hakuna anayekimbia uchi. DerevaWaSeti, hiyo fomu inapatikana wapi, na inafungwa lini?

DerevaWaSeti
Njoo pm. Hapa watu wako Pemba.

Mpemba_Asilia
Tuko Pemba, ndiyo. Na TV ya kwanza ya rangi ilikuwa—

Mchuzi_wa_Pweza
Unguja! Hata hiyo haikuwa Pemba!