Clos de Vougeot 2010: chupa mbili, ladha mbili. Kuna ya bandia hapa?

Mpenda_Pinot: Wakuu, nina swali. Chupa mbili za Clos de Vougeot, mvinyo mwekundu wa Burgundy, Ufaransa, zote grand cru (daraja la juu kabisa la huko), zote za 2010. Moja laini, inanukia cheri na majani makavu. Nyingine ina ukakasi unaoshika ulimi na fizi. Jina la shamba ni lile lile, watengenezaji tofauti. Je, mojawapo ni feki? Na ya tatu bado haijafunguliwa, ina masimbi (mashapo) chini. Ifunguliweje?

Chokaa_na_Mfinyanzi: Tofauti hiyo peke yake haithibitishi ufeki. Clos de Vougeot ni jina la ardhi, si la mtengenezaji. Ni hekta 50 na ushee ndani ya ukuta mmoja, na wenye vipande humo wanakaribia 80. Watawa wa monasteri ya Cîteaux walianza kulijenga shamba hilo karne ya 12, na hadi 1889 lilikuwa halijagawanywa. Baada ya hapo mauzo na urithi vikalikatakata, kiasi kwamba wengine wana mistari michache tu ya mizabibu. Kila mmoja anachuma siku yake na kuchachusha apendavyo; huyu anaondoa vikonyo vyote, yule anatia vichala vizima, mwingine anapenda mapipa mapya ya mwaloni. Hapo tu ukakasi unabadilika.

Kisha kuna mteremko. Juu, karibu na jumba la kale, udongo ni mwembamba, una mawe ya chokaa, na maji hayatuami. Chini, kando ya barabara ya D974, mfinyanzi ni mzito na mvua ikizidi mizizi inakaa majini. Kwingineko Burgundy ardhi ya chini namna hiyo mara nyingi haipati grand cru. Hapa ukuta umeibeba yote. Kwa hiyo herufi kubwa za lebo zisikuhadae, soma jina la mtengenezaji. Maneno "mis en bouteille au domaine" yanakuambia mkulima ndiye aliyejaza chupa, hayakuambii kipande chake kiko wapi. Wachache hutaja: Anne Gros huandika Le Grand Maupertui, na hicho kiko juu.

Kizibo_Kikavu: Hiyo ya tatu isimamishe wima saa 24, ikiwezekana 48, masimbi yatue. Kata foili chini ya mdomo wa pili wa shingo, futa ukungu. Kizibo kikionekana dhaifu, tumia kizibuo cha meno mawili, kwani cha skrubu kinaweza kukivunja katikati. Mimina taratibu bila kusita, taa ikiwa nyuma ya shingo. Ukiona uzi mweusi unaikaribia shingo, acha hapo hapo. Ukisimamisha chupa katikati ya kumimina halafu uinamishe tena, umevuruga kila kitu. Halafu iache kwenye jagi saa mbili ipumue.

Chokaa_na_Mfinyanzi: Saa mbili, hapana mkuu. Pinot Noir, zabibu ya mvinyo huu, ikifika umri huo harufu yake ni nyepesi, na jagi pana linaimaliza. Dakika 20 mpaka 30 zinatosha, au mimina moja kwa moja kwenye glasi pana, theluthi tu, uifuatilie. Saa mbili wape mvinyo wa Bordeaux ulio mchanga.

Mpenda_Pinot: Na ile kali iliyobaki nusu, inaokoleka?

Kizibo_Kikavu: Pima joto kwanza. Ikinywewa kwenye nyuzi 11 au 12 ukakasi unapanda, ipeleke 16. Irudishie kizibo, iweke kwenye friji, uijaribu tena kesho ikishapata joto. Ikinuka boksi lililolowa maji, hiyo ni TCA, kemikali inayoharibu harufu ya mvinyo, kutoka kwenye kizibo, hewa haitaitibu. Ikinuka siki, ndiyo imeshaharibika. Kama ni ukakasi mtupu, inywe na nyama yenye mafuta, na za namna hiyo zilizobaki zilaze gizani kwenye nyuzi 12 hadi 14 miaka mitano mingine.